Sanduku la Mbao na Upepo wa Kivu

Jua linapoanza kuinamia milima ya Kongo, wavuvi wa sambaza wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio wilayani Rubavu kando ya Ziwa Kivu, husukuma mitumbwi yao majini. Huenda mitatu mitatu, imefungwa ubavu kwa ubavu, na miti mirefu ya kushikia nyavu inachomoza mbele na nyuma kama vipapasio vya mdudu. Mmoja huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na makafi yote huingia majini kwa pigo moja. Giza likishatanda taa zao huwaka katikati ya ziwa, na aliyesimama ufukweni huona kama mji mwingine umezuka juu ya maji. Hata samaki wanayemfuata ni mgeni: sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ndio kitoweo cha mwambao mzima.

Mitumbwi hiyo haina tanga. Inaendeshwa na mabega ya watu. Hata hivyo, wanaoipiga kafi wanajua mambo ambayo kijana wa Ulaya hulipia ada ya klabu miaka mingi ili ayajue: wingu gani juu ya milima linaleta dhoruba na lipi linapita tu, maji yanabadilika rangi vipi upepo mpya unapoyagusa, na ni saa ngapi upepo wa nchi kavu unaachia nafasi upepo wa ziwa. Maarifa haya yamekaa ufukweni Rubavu tangu zamani. Kitu kinachokosekana ni ngazi ya kuyapandisha mpaka kwenye mashindano ya dunia, na ngazi hiyo ina vipandio vinavyojulikana.

Rwanda ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984, Los Angeles. Tangu hapo bendera yake imebebwa na wakimbiaji, waogeleaji na waendesha baiskeli. Paris mwaka 2024 walikwenda wanamichezo 8, katika riadha, baiskeli, kuogelea na mchezo wa vitara, ambao Mnyarwanda alikuwa akiucheza katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mashua za matanga bado. Ukilitaja jambo hili mbele ya watu, jibu la kwanza huwa lile lile: Rwanda haina bahari.

Austria nayo haina bahari. Katika Michezo ya mwaka 2024, mashindano ya matanga yalifanyika Marseille, kusini mwa Ufaransa, yakiwa na medali 10 za dhahabu za kugombewa. Austria, nchi ya milima iliyozungukwa na ardhi pande zote, ilichukua mbili. Lara Vadlau na Lukas Mähr walishinda katika mashua ya watu wawili iitwayo 470, na Valentin Bontus akashinda kwa ubao unaovutwa na tiara. Kabla yao, Roman Hagara na Hans-Peter Steinacher walikuwa wameipatia nchi hiyo hiyo dhahabu mbili mfululizo, mwaka 2000 na 2004. Hungaria, ambayo maji yake makubwa ni Ziwa Balaton, ilipata fedha katika Michezo ya Tokyo kupitia Zsombor Berecz. Baharia wa mbio hufunzwa na upepo na maji, na upepo haujali kama maji yale yana chumvi.

Afrika nayo ina kumbukumbu yake, ingawa ina doa. Katika Michezo ya Roma ya mwaka 1960 mashua zilishindana katika Ghuba ya Naples. Timu ya Rhodesia, nchi nyingine isiyo na pwani, ilimaliza ya nne katika daraja la mashua zilizoitwa Flying Dutchman, hatua moja tu nje ya medali. Katika daraja hilo hilo ilikuwapo Kenya, ikiwakilishwa na Anthony Bentley-Buckle, mtu wa shughuli za meli Mombasa. Klabu za mashua za enzi hizo zilikuwa za walowezi. Watoto wa mabaharia wa Mombasa, ambao babu zao walivuka mpaka Muskat na Bombay kwa upepo wa kaskazi na kusi, walizitazama kutoka nje ya uzio. Kwa hiyo, Waafrika wa Mashariki walipopata uhuru wao walirithi majengo ya klabu, gati na mashua chache. Desturi ya kumlea mtoto wa mvuvi awe bingwa wa mbio za matanga hawakuirithi, kwa sababu haikuwapo.

Desturi hiyo huanza na sanduku.

Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida nchini Marekani, Meja Clifford McKay aliwaendea wanachama wa klabu moja ya huduma za jamii akiwa na wazo. Wakati huo watoto wa Marekani walikuwa wakishindana kwa vigari vya mbao vinavyoteremka mlimani. McKay alitaka mji wake uwe na kitu kama hicho majini, na kiwe cha bei ambayo mzazi wa kawaida au mwenye duka wa mtaani angeweza kulipa, isiyozidi dola 50. Fundi wa mashua Clark Mills akapewa kazi. Plaiwudi ya siku zile iliuzwa kwa mbao zenye urefu wa futi 8, na Mills aliamua kwamba mashua yote itoke kwenye mbao mbili. Omo yenye ncha ingekula mbao zaidi, basi akaikata. Ndiyo maana mashua hiyo, iliyopewa jina la klabu ile ya Optimist, ina uso bapa mpaka leo na ikielea inafanana na beseni la kufulia lililochongwa pembe.

Beseni hilo limezaa mabingwa. Mashua ya Optimist ina urefu wa mita 2.3 na uzito wa kilo 35. Watoto wawili wanaibeba wenyewe kutoka bandani hadi majini. Tanga lake ni dogo, linatandazwa na mti mwembamba unaopita mshazari, na mtoto wa miaka 8 anaweza kulitawala bila kutupwa nje. Watoto hushindana ndani ya mashua hii hadi mwaka wanaotimiza miaka 15. Leo mashua nyingi za aina hii ni za plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, lakini za mbao zinaelea vilevile, na sehemu kubwa ya manahodha wanaofika Olimpiki walijifunza ndani yake.

Hapa ndipo Gisenyi inapoingia. Mji huu una maseremala wanaotengeneza makabati, milango na vitanda vya kuuza pande zote mbili za mpaka, na una mafundi wanaoziba mitumbwi isivuje. Fundi anayeweza kuunda kabati lisiloyumba anaweza kuunda Optimist ya mazoezi akipewa mchoro, plaiwudi isiyoharibiwa na maji, gundi nzuri na subira. Mashua ya mashindano ya kimataifa ni habari nyingine, kwa maana vipimo vyake hukaguliwa hadi milimita. Ila mtoto haanzi na mashindano ya kimataifa. Anaanza kwa kupinduka.

Naam, kupinduka. Somo la kwanza katika shule yoyote nzuri ya matanga ni kuipindua mashua makusudi karibu na ufuko, kuogelea kuizunguka, kupanda juu ya ubao unaochomoza chini yake mpaka isimame, kurudi ndani na kufua maji. Mtoto aliyefanya hivyo mara ishirini haogopi tena. Na kabla ya somo hilo kuna jingine, ambalo kwa Rubavu ni zito kuliko mengine yote: kujua kuogelea. Watu wengi wanaoishi kando ya maziwa yetu makuu, wavuvi wakiwamo, hawakufundishwa kuogelea, na wasichana ndio huachwa nyuma zaidi. Mradi wa matanga unaoruka hatua hii utakuja kuzika mtoto. Utakaoitimiza utakuwa umeokoa maisha hata kama hautatoa bingwa hata mmoja, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuuanzisha.

Mtoto akilizidi sanduku kwa kimo, anahamia mashua ambayo kwa miaka mingi iliitwa Laser na sasa inaitwa ILCA. Ilichorwa na Bruce Kirby mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaingia Olimpiki mwaka 1996, na ina hekima moja ambayo nchi maskini inapaswa kuipenda. Ganda lake ni moja, lenye urefu wa mita 4.23 na uzito wa kilo 59 hivi, lakini linachukua matanga ya ukubwa wa aina tatu. Kijana huanza na tanga la mita za mraba 4.7. Akiongeza nguvu anabadilisha kipande cha chini cha mlingoti na kuweka la 5.76, ambalo ndilo la wanawake wa Olimpiki (ILCA 6). La 7.06 ni la wanaume (ILCA 7). Ganda lililonunuliwa kwa ajili ya msichana wa miaka 14 linaweza kumfikisha Olimpiki bila kubadilishwa aina ya mashua, na siku asipolitumia, kaka yake anaweka tanga lake na kuondoka nalo. Ganda jipya ni maelfu kadhaa ya dola. Yale yaliyokwisha kutumika, ambayo klabu za nchi tajiri huyauza kila wanapoleta mapya, ni nafuu mno, na nchi nyingi zilianza nayo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona mbio hizi, ni vyema kueleza zinavyokwenda, maana ukizitazama bila maelezo utadhani mashua zimepotea njia. Mstari wa kuanzia ni wa kufikirika tu, kati ya mashua ya waamuzi na boya. Honi inalia dakika 5 kabla ya kuanza, kisha dakika 4, kisha 1. Katika dakika hizo mashua 40 au 50 zinazunguka zikigombea nafasi, na anayevuka mstari sekunde moja mapema anaadhibiwa. Boya la kwanza huwekwa upande upepo unakotoka. Hakuna mashua inayoweza kulikabili tumbo la upepo moja kwa moja, basi kila nahodha anakwenda mshazari, anageuza, anakwenda mshazari tena. Watu wa pwani wanauita mwendo huo kupiga bisho, na upande wa upepo wanauita joshi. Katika miaka elfu ya majahazi hakuna jipya hapo.

Ugumu ni kuchagua. Upepo hauji sawasawa. Unapinda kushoto, unapinda kulia, unanenepa hapa na kukonda pale. Nahodha anayegeuza sekunde kumi kabla ya upepo kupinda anapata mita hamsini bure. Anayechelewa anazipoteza. Wakati huo huo mwili wake wote uko nje ya mashua, miguu imenaswa kwenye mkanda sakafuni, mgongo unaning'inia juu ya maji ili uzito wake uishindilie mashua isilale, na mapaja yanawaka moto. Hufanya hivyo kwa dakika 50 hivi, anapumzika kidogo, anarudia. Mashindano makubwa huwa na mbio kumi au zaidi kwa siku kadhaa. Wa kwanza anapewa alama 1, wa pili 2, na kuendelea, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Mbio mbaya kuliko zote hufutwa katika hesabu, lakini ni moja tu. Kwa hiyo bingwa huwa ni yule asiyeharibu. Kushinda mbio moja kwa bahati hakumfikishi mbali.

Je, Ziwa Kivu linaweza kufundisha mambo haya? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mchana ardhi inapopata joto kuliko maji, hewa ya ziwani huvutwa kuelekea nchi kavu; usiku mambo hugeuka, hewa baridi ya milimani ikateremka kuelekea ziwani. Mzunguko huo unampa kocha darasa la karibu kila alasiri, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Milima iliyoshuka hadi majini huuvuruga upepo, ukafika ufukweni kwa vipandevipande, na vipande hivyo ni mwalimu mkali kwa kijana anayejifunza kuusoma uso wa maji. Walioogelea baharini watagundua jambo jingine: hakuna maji kujaa wala kupwa, hakuna papa, na mamba hawamo Kivu.

Kasoro zake nazo zielezwe wazi. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, na upepo wa kasi ile ile husukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Kijana wa Gisenyi anayeona amemudu upepo wa kilomita 25 kwa saa atashangaa siku atakapokutana na upepo wa kasi hiyo Mombasa au Dar es Salaam. Utamwelemea kama mzigo wa ndizi ulioongezwa mkungu. Tena upepo wa Kivu kwa kawaida ni wa upole, na mawimbi yake mafupi si mawimbi ya bahari yanayotembea safari ndefu. Atakuwa hodari wa upepo mdogo, kitu chenye thamani yake: kule Marseille mwaka 2024 upepo ulilegea mpaka baadhi ya mbio zikaahirishwa. Lakini ili awe kamili lazima ashuke pwani wakati wa kusi, miezi ya Juni na Julai, akapigwe na bahari yenyewe.

Kuna pia hatari ambazo hakuna kitabu cha Ulaya kinachozifundisha. Chini kabisa ya Kivu, katika vina vinavyofikia mita 480 hivi, kumeyeyuka gesi nyingi sana, takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Sehemu ya methani hiyo inageuzwa umeme. Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Gesi hiyo imelala chini sana na haimsumbui anayeelea juu. Kinachopaswa kuogopwa ni kile ambacho watu wa Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka, wanakiita mazuku: kaboni dioksidi inayofuka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde na vijighuba vya kaskazini mwa ziwa. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na imewaua watu na mifugo. Ghuba ambayo watoto watafundishiwa inapaswa kupimwa kwanza na wataalamu. Kisha kuna radi za alasiri katika miezi ya mvua, ambazo hufika haraka kuliko mtoto anavyoweza kurudi ufukweni. Mashua ya injini ya uokoaji, jaketi la kuelea mwilini mwa kila mtoto na kocha asiyeona haya kufuta mazoezi ni lazima, hata kama fedha za matanga zitapungua.

Na kuna mpaka. Maji ya Gisenyi na ya Goma ni yale yale, lakini mstari wa nchi mbili unapita katikati, na mwaka 2025 hali hiyo ilionekana kwa uchungu: mapigano ya kuiwania Goma mwezi Januari yalirusha makombora hadi ndani ya Rubavu na kuua raia. Yeyote anayepanga kuwaweka watoto majini hapa analazimika kupanga pamoja na mamlaka za usalama, na kuweka njia ya mbio upande wa kusini, mbali na mstari. Huzuni ni kwamba katika nyakati nyingine ziwa hili lingekuwa uwanja mzuri kuliko yote wa kuwashindanisha watoto wa pande mbili, ambao tayari wanazungumza Kiswahili kimoja sokoni.

Nchi iliyokwisha kuonyesha njia iko kusini mwetu. Msumbiji, ambayo haina utajiri wa kutupa, ilipeleka wanawake watatu katika mbio za matanga za Tokyo: Deizy Nhaquile katika mashua ya mtu mmoja, na Denise Parruque pamoja na Maria Machava katika 470. Nhaquile akarudi tena Marseille mwaka 2024. Hawakuleta medali, na asiyeujua mchezo anaweza kuuliza kuna fahari gani. Fahari ni hii: wasichana hawa walitoka katika ulezi wa kawaida wa watoto wa Maputo, wakapanda daraja moja baada ya jingine, na wakafika mahali ambapo mataifa makubwa hupeleka makocha, madaktari na wataalamu wa hali ya hewa kwa kila mshindani. Shelisheli, yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Rwanda, imekuwa na Allan Julie na baada yake Rodney Govinden katika Laser. Mabaharia wa namna hii huhitaji kitu kimoja, klabu inayofunguliwa kila wiki mwaka mzima.

Milango ipo. Nafasi za Olimpiki hugawiwa kwa nchi kupitia mashindano ya dunia na ya mabara, na Afrika ina zake ambazo Waafrika huzigombea wenyewe kwa wenyewe. Shirikisho la dunia, World Sailing, lina mpango wa kuzisaidia nchi zinazochipukia, na zipo pia nafasi za upendeleo kwa nchi zenye wawakilishi wachache. Mnyarwanda hatalazimika kumpiga Mwaustralia Matt Wearn, bingwa wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo na ya mwaka 2024, ili afike huko. Atalazimika kumpiga Mmsumbiji, Mwangola na Mtanzania. Hilo si dogo, lakini ni la kibinadamu.

Majirani nao si haba. Uganda ina klabu ya Victoria Nyanza huko Kaazi, kando ya Kampala, kwenye ziwa la maji baridi lenye tabia zinazofanana na Kivu. Dar es Salaam ina klabu yake Msasani, Mombasa ina yake, na Naivasha, iliyo juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko Gisenyi, ina yake pia. Basi la kutoka Rubavu hadi Kampala ni safari ya siku moja. Kwa kocha anayetafuta mashindano ya kwanza ya vijana wake, Kaazi ndiyo jibu la karibu. Na kwa kijana anayetaka kuelewa kwamba matanga ni urithi wa watu wake, apelekwe Lamu wakati wa mashindano ya majahazi, aone nahodha akitweka tanga la pembetatu kwa mikono mitupu na kulizungusha kwenye kona bila kupoteza mwendo. Hakuna kitabu kitakachomweleza hivyo.

Rwanda yenyewe imeshafanya kazi ya namna hii mara moja, kwa baiskeli. Mwaka 2006 mbio za baiskeli zilizojumuisha zile za mbao, ambazo wakulima hubebea viazi na maji, ziliandaliwa na Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli aliyevutiwa na wapandaji wa nchi hii. Timu ikaundwa, kambi ya mazoezi ikajengwa Musanze, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Gisenyi, na mwaka 2012 Adrien Niyonshuti akashindana London katika mbio za baiskeli za milimani, akawa wa 39. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kati ya baiskeli za viazi na siku hiyo ilipita miaka 19. Watu wanaokumbuka mwisho tu husahau jinsi mwanzo ulivyokuwa mdogo.

Rubavu nayo imezoea kupokea wageni wa michezo ya majini na mchangani. Agosti 2019 ilikuwa kituo kimoja cha ziara ya dunia ya mpira wa wavu wa ufukweni. Tarehe 14 Agosti 2022 ikapokea Ironman 70.3, ambapo washiriki waliogelea kilomita 1.9 ndani ya Kivu kabla ya kupanda baiskeli kilomita 90 na kukimbia nyingine 21. Maboya, mashua za uokoaji na waangalizi waliohitajika siku ile ndivyo vitu vile vile vinavyohitajika kwa mbio za Optimist thelathini. Tofauti ni kwamba Ironman inahitaji siku moja kwa mwaka, na watoto wanahitaji kila Jumamosi.

Hapo ndipo mzigo ulipo. Wizara ya Michezo, kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, ilikwisha kuanzisha programu ya Isonga ya kulea vipaji shuleni katika soka, kikapu, wavu, mpira wa mikono, riadha na baiskeli. Mashua za matanga zingeweza kuingia kwa mlango huo huo, shule mbili au tatu za mwambao zikianza na Optimist kumi, mwalimu wa kuogelea na kocha mmoja aliyepata cheti. Kocha huyo ndiye ghali kuliko vyote, na ndiye ambaye miradi mingi husahau. Wafadhili hupenda kupigwa picha karibu na mashua mpya. Mshahara wa mtu anayerudi ufukweni kila Jumamosi kwa miaka kumi haupigiki picha. Mashua bila kocha zinageuka mabanda ya kuku ndani ya miaka miwili. Kocha hodari mwenye mashua tatu kuukuu atakutolea timu.

Chakula nacho kihesabiwe. Mwanamume wa ILCA 7 anatakiwa awe na kilo 80 hivi, mwanamke wa ILCA 6 kilo 65 hadi 70, karibu zote za misuli. Kijana mwembamba asiyekula vizuri atapinduliwa na upepo hata akiwa na akili ya shetani majini. Sambaza, maharage na ndizi za Rubavu zinatosha kumjenga, mradi awe na uhakika wa kuvipata kila siku, na hilo kwa familia nyingi za wavuvi linategemea ziwa lilivyotoa usiku uliopita.

Mtoto aliyezaliwa Rubavu mwaka 2017 atakuwa na miaka 11 wakati wa Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028, umri wa katikati ya Optimist. Brisbane mwaka 2032 itamkuta na 15, mwaka wake wa mwisho katika lile sanduku. Michezo ya 2036 atakuwa na 19, akiwa na ganda lake la ILCA na tanga lililokubaliana na uzito wake, kama tangu sasa yupo mtu wa kumpeleka majini alasiri, saa nane au saa tisa, wakati upepo wa ziwa unapoanza kuuchora uso wa Kivu kwa mistari myeusi inayosogea kuelekea ufukweni.